Baiskeli ya Milimani kwa Pesa Kidogo: Somo kwa Mkazi wa Bisil

Mkazi anayeishi ndani, mbali na barabara kuu ya Athi River–Namanga, anajua gharama ya kufika Bisil. Ni nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, au ni saa nyingi za kutembea juani. Mwanafunzi anayetembea mbali huingia darasani akiwa amechoka. Mama anayepeleka maziwa sokoni anahitaji kufika kabla ya jua kuwa kali. Kwa watu hawa baiskeli ni chombo cha kazi, na baiskeli inayofaa njia zetu za murram, changarawe na mchanga wa laga ni ile ya milimani: yenye tairi pana, fremu imara na gia nyepesi.

Mpya na nzuri ina bei ambayo wengi hawaimudu. Mpya ya bei rahisi sana mara nyingi huharibika mapema. Njia ya tatu ni kununua ya mitumba na kuijenga upya, kipande kwa kipande. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya hivyo bila kupoteza pesa na bila kuhatarisha maisha.

Ilianza kwa baiskeli kuukuu

Kujenga baiskeli ya milimani kutokana na vipande vya zamani si jambo la aibu. Hivyo ndivyo baiskeli hizi zilivyoanza. Katika miaka ya 1970, vijana wa eneo la Marin, California nchini Marekani, walichukua baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940 zenye tairi nene, wakazitoa vitu visivyohitajika, wakaziongezea breki na gia, na kuteremka nazo milima ya kwao. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza kwenye mteremko walioupa jina la Repack. Jina hilo lilitokana na grisi: breki ya ndani ya habu ya nyuma ilipata moto mkali hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, na baada ya mteremko ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Joe Breeze, mmoja wao, alitengeneza fremu yake ya kwanza ya kazi hiyo mwaka wa 1977.

Hapa Kenya, David Kinjah wa Kikuyu amewafundisha vijana kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa miaka mingi. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara nne, mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Ujuzi wa spana na uendeshaji mzuri huenda pamoja.

Gawa pesa kabla ya kwenda sokoni

Kosa linalowagharimu wengi ni kumaliza pesa zote kwenye baiskeli yenyewe. Baiskeli ya mitumba ikifika nyumbani huhitaji tairi, tyubu, cheni, kebo au raba za breki, na mfuko uko mtupu. Matokeo yake ni baiskeli isiyo na breki inayoendeshwa hivyo hivyo.

Gawa pesa zako mafungu matatu. Nusu ni ya kununua baiskeli. Theluthi moja ni ya vipuri. Sehemu inayobaki ni akiba ya kasoro utakazozigundua ukishaifungua. Kwa mfano, mwenye shilingi 12,000 atatumia shilingi 6,000 kununua, 4,000 kwa vipuri, na kuweka 2,000 kando. Ukikuta baiskeli ya shilingi 10,000, hiyo si ya bajeti yako, hata ikipendeza namna gani.

Jiulize pia kazi ya baiskeli. Ikiwa kazi kubwa ni kubeba maji, kumbuka kwamba jerikeni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mbili ni kilo 40 nyuma yako. Baiskeli nyingi za milimani hazikuundwa kwa mzigo kama huo. Kwa kazi hiyo afadhali baiskeli ya mizigo, kama Black Mamba ya zamani au Buffalo zinazounganishwa Kisumu. Ya milimani inafaa zaidi kwa safari ya shule, kazi, na mizigo midogo kwenye njia mbovu.

Hatua ya 1: Fremu

Vipuri vyote vinaweza kubadilishwa. Fremu ikiwa mbovu, hujanunua kitu.

*Chuma au alumini.* Shika sumaku ndogo. Ikinata, fremu ni ya chuma. Fremu ya chuma ni nzito kidogo lakini ikipasuka fundi wa kuchomelea anaweza kuiunga. Alumini ni nyepesi, lakini mashine ya kawaida ya kuchomelea haiifai, na ikipasuka mara nyingi huwa imekwisha. Kwa bajeti ndogo na mafundi tulio nao karibu, chuma ni chaguo la busara.

*Nyufa.* Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha angalia kila kiungo: shingoni panaposhika foku, chini panaposhika pedali, na kwenye pembe za nyuma panapokaa ekseli ya gurudumu. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au kutu inayotoka kwenye mstari huo, ni dalili ya ufa. Fremu iliyopakwa rangi mpya nzito ichunguzwe mara mbili, kwa sababu rangi huficha mengi.

*Kupinda.* Chukua uzi mrefu. Funga ncha moja kwenye pembe ya nyuma upande wa kulia, upitishe mbele kuizunguka shingo ya fremu, urudishe na kuufunga kwenye pembe ya kushoto. Uvute ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, fremu imepinda, na baiskeli itavuta upande mmoja. Uzi huu ni wa bei ndogo kuliko kipuri chochote utakachonunua.

*Springi.* Usivutwe na springi ya nyuma. Kwenye baiskeli za bei rahisi springi hiyo huongeza uzito na viungo vinavyolegea, na kila unapokanyaga pedali nguvu yako huishia kuibonyeza. Foku ngumu isiyo na springi haiharibiki ovyo, na tairi pana hufyonza mitikisiko kwa kiasi cha kutosha.

*Kimo.* Simama ukiwa na fremu katikati ya miguu. Kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya upana wa vidole vitatu au zaidi. Kisha kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukiweka mbele ya wayo kwenye pedali, goti litapinda kidogo, na hicho ndicho kimo sahihi. Nguzo ya kiti na ya usukani zina alama ya mwisho. Usizivute hadi alama hiyo ionekane nje.

Hatua ya 2: Soma nambari za tairi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Tairi za inchi 26 si zote sawa. Ubavuni mwa tairi kuna nambari mbili zilizounganishwa, kwa mfano 50-559. Ya pili ndiyo muhimu, kwa kuwa ni kipenyo cha rimu kwa milimita.

- 559 ni inchi 26 ya baiskeli ya milimani.
- 590 pia huitwa inchi 26, lakini ni ya baiskeli nyembamba ya mjini. Haiingii kwenye rimu ya 559.
- 584 ni inchi 27.5.
- 622 ni inchi 29.
- 635 ni inchi 28 ya Black Mamba.

Andika nambari ya rimu yako kwenye karatasi na uende nayo dukani. Baiskeli za milimani za zamani zilikuwa na 559, hivyo fremu kuukuu na magurudumu yake huenda pamoja. Kabla ya kununua, uliza duka la karibu nawe ni saizi ipi wanayoweka daima. Baiskeli ambayo tairi yake inapatikana Nairobi pekee itakugharimu nauli kila inapochakaa.

Hatua ya 3: Magurudumu na habu

Inua baiskeli, zungusha gurudumu, na tazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Rimu ikiyumba kwa zaidi ya milimita 3, inahitaji kunyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoki. Bana spoki mbili mbili kwa vidole: zote zitoe ukinzani unaokaribiana. Moja iliyolegea huzifanya nyingine zibebe mzigo wake hadi zikatike.

Shika gurudumu juu na ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, koni zimelegea. Likizunguka kwa kukwaruza, grisi imekwisha au goroli zimeharibika. Katika habu nyingi za kawaida, ya mbele ina goroli 10 kila upande za inchi 3/16, na ya nyuma ina 9 kila upande za inchi 1/4. Nunua goroli mpya, hazina bei kubwa. Osha vikombe kwa mafuta taa, vikauke, tia grisi, panga goroli, kisha kaza koni mpaka gurudumu lizunguke laini bila kucheza. Wale vijana wa Repack walifanya kazi hii baada ya kila mteremko. Vumbi la Kajiado linadai uifanye angalau mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 4: Cheni na gia

Cheni haivutiki kama mpira, bali pini zake huliwa na cheni ikawa ndefu. Pima kwa futi ya fundi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 kutoka hapo. Cheni nzima itafika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, ibadilishe. Ikizidi kwa 1/8, huenda imekwisha kula na meno ya sproketi, na cheni mpya pekee itarukaruka. Itabidi ubadilishe friwili pia. Kubadilisha cheni mapema ndiko kuokoa pesa.

Usishindane na wingi wa gia. Sproketi moja mbele yenye meno 32, na friwili ya gia 7 nyuma yenye meno 14 hadi 28, zinatosha kwa njia zetu. Kwa tairi ya inchi 26, gia nyepesi itakusogeza kama mita 2.3 kila mzunguko wa pedali, na nzito kama mita 4.7. Ukiondoa sproketi za ziada mbele pamoja na kifaa kinachohamisha cheni, umeondoa kebo moja, swichi moja na sababu nyingi za kwenda kwa fundi. Vipuri vya gia 6, 7 na 8 hutumia cheni ya upana mmoja na ni rahisi kuliko vya gia nyingi zaidi.

Wakati wa kiangazi, mafuta mengi ni adui. Hushika vumbi na kuwa msasa unaokula cheni. Tia tone moja kwenye kila pingili, zungusha pedali, kisha futa kwa kitambaa hadi nje pakauke. Mafuta machafu ya injini yaache, yana chembechembe za chuma ndani yake.

Hatua ya 5: Breki, kipengele kisichopunguzwa

Ukikosa pesa, vumilia kiti kilichochanika au rangi iliyofifia. Usivumilie breki mbovu. Baiskeli iwe na breki mbili zinazofanya kazi, kila moja na kebo yake.

Nunua raba na kebo mpya hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Raba ya zamani huwa ngumu na kuteleza. Kebo yenye uzi mmoja uliokatika itakatika yote siku utakayoibana kwa nguvu, yaani siku utakayoihitaji zaidi. Panga raba iguse rimu peke yake. Ikigusa tairi itaichana. Ikiwa chini sana itaingia kwenye spoki. Weka rula ubavuni mwa rimu: ukiona bonde katikati, rimu imeliwa na breki na inaweza kupasuka. Ibadilishe.

Jaribu hivi: simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, isukume mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Bana ya nyuma peke yake: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Kisha jua mkono upi unashika breki ya mbele, kwa kuwa kuibana ghafla kwenye changarawe humwangusha mpanda.

Hatua ya 6: Miiba

Migunga haina huruma. Njia rahisi ya kujikinga ni kuweka bitana. Chukua tairi nyembamba iliyochakaa, kata na kutupa kingo zake zenye waya, kisha utandaze ukanda unaobaki kati ya tairi yako na tyubu. Ncha zake zikwanguliwe ziwe nyembamba zisikate tyubu. Uzito utaongezeka kidogo, pancha zitapungua sana.

Pancha ikitokea, usikimbilie kiraka. Kwanza tafuta mwiba. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi na uutoe, la sivyo utatoboa tena kabla ya kufika mbali. Kwangua tyubu kwa msasa, paka gundi nyembamba, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Jaza upepo kulingana na kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Vifaa vya nyumbani

Majirani wanne au watano wanaweza kuchanga na kumiliki pamoja: pampu, spana ya 15, spana nyembamba za koni, alenki za 4, 5 na 6, bisibisi, kifaa cha kukatia cheni, grisi, viraka na gundi. Jambo moja la kukumbuka: pedali ya kulia hufungwa kwa kuzungusha kama saa, lakini ya kushoto hufungwa kinyume. Asiyejua hili hulazimisha na kuharibu uzi wa mkono wa pedali.

Risiti ni kinga yako

Chini ya fremu, panapozungukia pedali, kwa kawaida kuna nambari iliyogongwa. Muuzaji aandike nambari hiyo, jina lake, nambari yake ya kitambulisho na ya simu, bei na tarehe, nyote mtie sahihi. Ikiwa nambari imekwanguliwa, achana na baiskeli hiyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya chini kupita kiasi yenyewe ni swali.

Barabarani

Barabara ya Namanga hubeba malori mazito mchana na usiku. Endesha upande wa kushoto, na mkiwa wengi mfuatane mmoja nyuma ya mwingine. Usishike lori ili likuvute. Giza likiingia, uwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu na kiakisi nyuma, na koti linaloakisi mwanga. Vaa helmeti. Palipo na njia ya ndani sambamba na lami, itumie. Ndiyo sababu umejenga baiskeli ya milimani.

Kazi mkononi

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko na leseni za biashara. Kijana anayetaka kufanya ufundi wa baiskeli kuwa kazi aulize katika ofisi ya wadi yake kuhusu chuo kilicho karibu, na akifungua kibanda cha ufundi apate kibali cha biashara cha kaunti. Aliyejenga baiskeli moja kwa uangalifu amekwisha jifunza sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ukaguzi wa kila wiki

1. Upepo: bonyeza tairi zote mbili, jaza zilizolegea.
2. Breki: bana zote mbili, angalia kebo na raba.
3. Nati za magurudumu: zimekazwa?
4. Usukani: shika gurudumu la mbele kwa magoti, jaribu kuuzungusha. Usiteleze.
5. Cheni: futa vumbi, tia tone la mafuta.
6. Spoki: bana mbili mbili, tafuta iliyolegea.
7. Miiba: zungusha tairi, ng'oa kilichonasa kabla hakijafika ndani.

Ukaguzi huu huchukua dakika 10. Mzazi afanye pamoja na mtoto siku ya Jumapili jioni, ili Jumatatu asubuhi mtoto aondoke na baiskeli inayosimama anapoiambia isimame.